Kijiti cha Joto

Rula alikuwa hakaliki. Akikaa kitini, kiti kinamchoma. Akisimama, miguu inampeleka dirishani. Akifika dirishani anakumbuka kwamba chini ya ofisi yao yupo fundi funguo na mashine yake inayolia kutwa kucha, basi anarudi kitini. Kazi yake ilikuwa kuchora miksa. Si zile za chuma za kumvunja mtu mgongo, la. Hii ni miksa ya kwenye programu ya muziki, ile sehemu ya skrini ambapo vijiti vimejipanga, kila kijiti na sauti yake: hiki cha ngoma, hiki cha besi, hiki cha kinanda. Ukipandisha kijiti, sauti inapanda. Ukishusha, inashuka. Mtoto mdogo anaelewa. Sasa jaribu kuwapa wanamuziki, ndipo utajua hujui.

Kulikuwa na mzee mmoja wakimwita Waya, aliyeanza muziki wa kompyuta tangu kompyuta ikiwa na ukubwa wa kabati. Waya alitaka kila kitu. Alitaka namba pembeni ya kila kijiti, alitaka taa, alitaka hata skrubu zichorwe kwenye kona za miksa, skrubu ambazo hazishiki chochote!

“Binti yangu,” alimwambia Rula, “mimi bila skrubu naona kama miksa itanidondokea mapajani.”

Rula akachora skrubu. Kesho yake akaja Giza. Huyu dada alitengeneza muziki wa taratibu, wa kusikiliza umefumba macho, na alivaa nyeusi kuanzia kilemba hadi viatu. Alitaka skrini nyeusi vilevile, isiyo na namba wala rangi.

“Mwanamuziki anasikiliza, hasomi,” alisema. “Na hizi skrubu za nini, shoga? Tunaezeka banda?”

Rula akafuta skrubu. Waya akanuna. Akizirudisha, Giza anasonya. Akichora vijiti virefu, wa muziki wa dansi wanashangilia, wenye kompyuta ndogo wanalia kwamba hawaoni nusu yake. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Wahenga hawakuwahi kufanya kazi na wanamuziki, wangemhurumia na binadamu. Jina lenyewe la Rula alilipata hapo ofisini, kwa sababu alikuwa hawezi kuona vitu viwili vimekaa jirani bila kupima nafasi iliyopo katikati. Sasa alikuwa anapima na meza ya chai.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja. Mwenye kampuni aliwataka wamwite Mkubwa, ingawa kampuni nzima ilikuwa watu watatu na birika. Wa tatu ni Kimya, jamaa wa kuandika programu. Rula anachora kijiti, Kimya anakiunganisha na sauti. Bila Kimya, kijiti cha Rula ni picha tu.

Katikati ya vurugu hizo ndipo Rula alipochora kijiti cha Joto. Wanamuziki wana neno lao hilo. Wanasema sauti ya kompyuta ni baridi, ni kavu, wanaitaka iwe na joto kama ya mashine za zamani. Ukiwauliza joto hasa ni nini, kila mtu anaanza kuonyesha kwa mikono. Rula akachora kijiti kifupi cha rangi ya kahawia, chenye kitaa kinachowaka polepole kadiri unavyokipandisha. Akakiweka kwenye toleo la majaribio, ili Kimya akiunganishe jioni. Alasiri hiyohiyo mke wa Kimya akashikwa na uchungu. Kimya akatoka mbio hata koti akaliacha kitini, na Mkubwa, ambaye subira hakuzaliwa nayo, akawatumia wajaribu wao, Waya na Giza na wenzao, toleo lile kama lilivyo.

Majibu yakaanza kuingia. Waya aliandika: “Hapo sasa! Besi imenona. Mlikuwa mmemficha wapi huyu?” Giza naye: “Nimekipandisha kidogo tu, nikalia.” Wa dansi walisema Joto limeifanya ngoma ipige kifuani. Mmoja alionya watu wasizidishe, eti likipita nusu sauti inaungua.

Rula alisoma majibu yale mara mbili. Waya na Giza wamekubaliana! Hiyo peke yake ilitosha kumtia wasiwasi. Kimya aliporudi, macho mekundu kwa kukosa usingizi na uso unacheka kwa sababu ya mtoto, Rula hakungoja hata amalize kupokea pongezi.

“Joto uliliunganisha na nini?”

“Joto lipi?”

“Kile kijiti cha kahawia.”

“Hukunipa kijiti cha kahawia, dada.”

Wakafungua programu wakatazama. Kijiti kilipanda, kitaa kikawaka vizuri mno, na sauti ikabaki vilevile ilivyokuwa. Hakikushika kitu. Skrubu za Waya zilikuwa na kazi kuliko hicho.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Wao walifanya la busara: Kimya alikaa siku nzima akakitafutia Joto la kweli, hesabu kamili, sauti inanenepa kweli ukiisikia. Wakatuma toleo jipya bila kusema neno. Loo! Waliyosomewa! “Mmeliharibu Joto,” aliandika Waya. “Lile la kwanza lilikuwa la asili, hili mmeweka madawa.” Giza alisema sasa hasikii kitu ila matope. Mkubwa akaingia ofisini anatweta, ngazi zote amezipanda kwa mkupuo.

“Nani kawaambia mliguse? Kitu kimependwa na kila mtu, nyie mnakigusa! Rudisheni la kwanza. Leo hii!”

Rula akamtazama Kimya. Kimya akamtazama Rula. Palikuwa na nafasi ya kusema, ya kupitisha sentensi moja. Lakini Mkubwa alikuwa ameshaanza kumsifu: kwamba miaka yote amekuwa akitafuta kitu cha kuwaunganisha watu hawa, kwamba Rula ndiye aliyekipata, kwamba Ijumaa watawaita wajaribu wote waje kuionja programu kabla haijatoka, na Joto ndilo litakalotangulia. Sifa tamu, jamani. Nani hapendi kusifiwa baada ya kusonywa miezi? Kimya akaukata ule uunganishaji wake, kijiti kikarudi kuwa picha, na majibu yakaja ya shangwe tupu.

Lakini mjaribu mmoja hakuwa ameandika hata neno. Huyo alikuwa kaka yake Rula.

Walimwita Sikio tangu utotoni. Nyumbani kwao walikaa ghorofa ya juu, na mtu akianza tu kupanda ngazi, Sikio anamtaja. “Baba huyo, na leo amechoka.” “Jirani huyo, amebeba ndoo.” Hakosei. Akakua, akawa mwanamuziki wa kompyuta ambaye wenzake walimpelekea nyimbo zao azisikilize kabla ya kuzitoa, kwa maana alikuwa anasikia unyoya ukidondoka. Rula kazi hii aliipata kupitia yeye. Mara ya kwanza kutambua kwamba besi ni kitu kimoja na ngoma ni kitu kingine, alikuwa msichana mdogo aliyevalishwa hedifoni za kaka yake, nyeusi, kubwa kuliko kichwa chake, upande mmoja zimezungushiwa gundi ya karatasi. “Usikimbilie kusema unasikia,” Sikio alimwambia siku ile. “Sikia kwanza.”

Jumapili Rula alikwenda kwa mama yao. Alimkuta Sikio kakaa jikoni, mikono mezani, hana habari na chai iliyokuwa mbele yake.

“Mdogo wangu,” alisema, “kile kijiti cha Joto, kinafanya nini hasa?”

Rula alikuwa na mkate mdomoni. Aliutafuna kuliko mkate unavyohitaji kutafunwa.

“Kinapasha sauti,” akasema.

“Na watu wanasikia?”

“Wanasema wanasikia.”

“Wote?”

“Wote, Kaka.”

Sikio akatikisa kichwa polepole, akasema haya, akanyanyuka kwenda kujilaza. Mama akangoja mlango wa chumbani ufungwe. Kisha akavuta kiti karibu na bintiye.

“Kaka yako ana jambo. Juzi kaniuliza marehemu baba yenu alianza kupoteza masikio akiwa na umri gani.”

 Baba yao alimalizia maisha yake na redio kwenye bega, ameipaza mpaka majirani wanagonga ukuta, na bado anauliza kama imewashwa.

“Kaenda kupimwa,” Mama akaendelea. “Wakamwambia masikio yake ni mazuri kwa umri wake. Hilo la ‘kwa umri wake’ ndilo limemmaliza. Sasa kampigia shemeji yake, yule mwenye duka la vigae, kakubali kwenda kumsimamia duka. Ile kazi ya kupiga muziki Jumamosi anasema ndiyo ya mwisho, na hata hiyo hana hakika kama ataenda. Mwanangu, kuna kitu gani huko kwenye programu yenu? Usiku anakaa nayo, kipanya mkononi, anapandisha, anashusha, anapandisha, anashusha. Mpaka nimemwonea huruma.”

Chai ilimpalia Rula. Alikohoa mpaka machozi, na mama yake akampiga mgongoni, akidhani ni chai tu.

Angesema palepale, yangekwisha. Chumba cha kaka yake kilikuwa hatua chache tu. Lakini alijiambia, ngoja Ijumaa ipite. Ijumaa ikipita nitamwambia taratibu, tutacheka, hata Mkubwa atakuwa ameshatulia. Mwongo hakosi ratiba. Akamuaga mama yake, akashuka ngazi upesiupesi, na akafika barabarani hajui anaelekea kulia au kushoto.

Siku zilizofuata hakuwa na raha hata ya kufungia kamba za viatu. Alihamisha kijiti cha Joto upande wa kushoto, akakirudisha kulia. Akabadilisha kahawia ikawa kahawia nyingine. Alimpigia Sikio simu, ikiita mara moja anakata. Chini fundi funguo alikuwa anasaga chuma, na Rula, ambaye hajawahi kumgombeza mtu, alifungua dirisha akamfokea. Fundi akamwangalia kwa mshangao.

“Dada, hii mashine ni ileile ya kila siku,” akasema. “Labda kilichobadilika ni huko juu.”

Ijumaa watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya makasha. Waya alikuja na shati lililopigwa pasi, Giza akakaa kona isiyo na taa. Mkubwa alikuwa amemwalika Sikio kwa heshima, azungumze mwanzoni kama mkongwe. Rula alimwona kaka yake akiingia, amebeba mfuko wa plastiki, na akajua kilichomo kabla hajakitoa.

Sikio hakuzungumza sana. Aliwashukuru. Akasema muziki umempa marafiki, na kila kazi ina wakati wake, na yeye wake anaona umefika. Watu wakaguna. Waya akasema, “Acha utani, bwana.” Sikio akacheka kidogo, akatoa kwenye mfuko zile hedifoni nyeusi, gundi yake ya karatasi imegeuka njano, akaziweka mapajani pa Rula.

“Hizi ni zako sasa. Wewe ndiye unayesikia.”

Rula akazishika. 

Mkubwa, ambaye alikuwa na shughuli yake ya kumaliza, akapiga makofi, akasema haya, jamani, sasa kile mlichokijia. Akaweka wimbo kwenye spika kubwa. Akaweka mkono kwenye kipanya, na polepole, kama mtu anayefunua sufuria ya wageni, akapandisha Joto. Kitaa kikawaka.

“Aaaah,” kikasema chumba kizima.

“Mnasikia?”

“Tunasikia!”

“Inanona, inanona,” alisema Waya, amefumba macho. Giza alikuwa ameweka mkono kifuani.

Rula hakuwatazama hao. Alimtazama kaka yake. Sikio alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, vile alivyokuwa akifanya utotoni mtu akianza kupanda ngazi. Alisikiliza. Akawatazama wenzake, mmoja baada ya mwingine, nyuso zao zimejaa raha. Akasikiliza tena. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

“Na wewe, mkongwe wetu?” Mkubwa akauliza. “Unasikia?”

“Nasikia,” alisema Sikio.

Yaani Sikio! Mtu aliyewahi kukosana na rafiki kwa kukataa kusifia wimbo, mtu ambaye hakuwahi kudanganya juu ya sauti hata kwa adabu, leo kasema nasikia, kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi asiyejua jibu. Rula alisimama hata kabla hajajua kwamba amesimama. Hedifoni zilining'inia mkononi.

“Hakuna kitu,” akasema. “Kaka, usiseme hivyo. Hakuna cha kusikia. Kijiti hakijaunganishwa.”

Mkubwa akasimamisha wimbo. “Rula, kaa chini.”

“Sikai. Nilikichora mimi, Kimya hakuwepo, mkakituma kikiwa picha. Ni picha tu. Kinawaka taa basi. Tulipokiunganisha mkasema tumekiharibu, tukakirudisha kuwa picha.”

Pakazuka makelele. Waya alisimama, mishipa ya shingo imemtoka. “Binti, mimi nimesikia kwa masikio yangu haya! Miaka yote hii sijui besi?” Giza akasema kama ni utani basi ni utani mbaya. Na Sikio, hilo ndilo lililomuumiza Rula kuliko yote, Sikio alimtazama kwa upole akasema, “Mdogo wangu, usinifanyie hivi kwa kunionea huruma.”

Hapo ndipo Kimya alipofungua kinywa. “Tufute,” akasema.

Wote mle ndani walijua maana yake. Kimya akauchukua wimbo uleule mara mbili: mmoja Joto likiwa chini kabisa, wa pili likiwa juu kabisa. Ule wa pili akaugeuza, panapopanda pashuke, panaposhuka papande, ili zikipigwa pamoja kila kinachofanana kifutane. Kama Joto limeongeza chochote, hata punje, punje hiyo ndiyo itakayobaki ikisikika. Akapandisha spika mpaka mwisho. Waliokaa karibu wakaziba masikio. Akabonyeza.

Ukimya ukatanda. Mstari wa kuonyesha wakati ulitembea kwenye skrini, wimbo ukaingia kiitikio, ukatoka, na chumba kizima hakikusikia kitu. Hata chini fundi funguo alikuwa ameenda kula. Waya alikaa polepole. Rula alisikia moyo wake mwenyewe.

“Kuna kitu,” alisema Sikio.

Watu wakageuka. Waya akainua kichwa kwa tumaini.

“Si kwenye spika,” akasema Sikio. Alikuwa amefumba macho, kichwa upande. “Hapo ndani ya kompyuta. Feni inagusa waya. Kwa mbali. Inagusa, inaacha. Inagusa, inaacha.”

Kimya akatega sikio kwenye kasha la kompyuta, akatikisa kichwa, hasikii. Mkubwa naye, wapi. Kimya akachukua bisibisi, akafungua ubavu wa kasha. Kulikuwa na kiwaya chekundu, kimetoka kwenye kamba yake, ncha yake inaguswa na pangaboi lile dogo kila linapozunguka.  Giza ndiye aliyeanza kucheka, kisha akawa analia, au vyote viwili. Kwa Giza huwezi kujua.

Sikio akafumbua macho. Rula alidhani atacheka naye. Badala yake Sikio alikuja mpaka mbele ya dada yake.

“Jumapili ulikuwa unajua?”

Angeweza kusema chochote. “Nilikuwa najua,” akasema.

“Nilipokuuliza jikoni.”

“Ndiyo, Kaka.”

Sikio akanyoosha mkono, akachukua hedifoni zake, akazirudisha mfukoni, akashuka ngazi. Rula alimsikiliza mpaka hatua ya mwisho.

Mkubwa hakumfukuza kazi, ila kwa siku nyingi hakumsemesha zaidi ya ‘leta’ na ‘weka’. Joto likatolewa, uzinduzi ukaahirishwa. Waya aliandika barua pepe yenye herufi kubwa tupu kwamba arudishiwe Joto lake, hata kama halifanyi kitu, kwa sababu yeye likiwepo anatengeneza muziki vizuri zaidi.  Mpaka leo Rula hajamjibu.

Jumamosi Sikio alikwenda kupiga. Rula alisimama nyuma kabisa ya ukumbi, amejibana ukutani, na kaka yake akapiga kama alivyokuwa akipiga zamani, hana haraka, kila sauti mahali pake, mpaka watu wakasahau vinywaji vyao. Shemeji wa vigae alikuwepo pia, anacheza, ameshajua kwamba hapati msimamizi. Rula alitoka kabla taa hazijawashwa.

Jumapili alikaa kitandani na viatu mguuni. Aliinuka, akaketi, akainuka. Mwishowe akaenda kwa mama yao. Mlango wa chini wa jengo aliufungua kwa kuusukuma na bega usilie, akavua viatu akavishika mkononi, akaanza kupanda pembenipembeni mwa ngazi, kwa vidole vya miguu, mkono kwenye ukuta. Hakujua atasema nini. Alifikiri labda angechungulia tu, akimkuta hayupo aingie, akimkuta yupo ateremke. Alikuwa bado ghorofa moja chini aliposikia sauti ya kaka yake kutoka jikoni, haijapazwa, inaongea na Mama.

“Rula huyo. Kavua viatu. Mwongezee kikombe.”